KOMPYUTA HAIJAFA, HAIJATAMBULIWA TU
Jinsi mashine inavyoitambua kadi ya video, na namna ya kuisaidia pale kadi inapokuwa ya nadra



 

Ndugu msomaji, katika toleo la mwaka huu tumeona tuandike juu ya jambo lililotusumbua katika chumba chetu cha kompyuta, kwa sababu tunaamini linawasumbua wengi hapa Moshi na huko vijijini mlimani, kuanzia Machame hadi Rombo. Mwezi wa Shaabani 1446 (Februari 2025) madrasa ilipewa kompyuta tatu zilizokuwa zimekaa stoo miaka mingi. Tulizileta kwa mkokoteni, tukazipangusa vumbi, tukaziwasha kwa CD ya toleo la zamani la Linux. Mbili ziliwaka, feni zikazunguka, maandishi meupe yakapita kiooni. Ilipofika zamu ya picha, moja ikakatika na kurudi kwenye maandishi, nyingine ikawa giza totoro. Ya tatu haikuonyesha kitu tangu mwanzo, ikawa inalia tu.

Wengi wetu tukasema, "Zimekufa hizi." Mnunuzi wa chuma chakavu alikwisha taja bei yake. Ndipo mwalimu wetu akatuuliza neno moja tu: "Mmehakikisha?" Tukanyamaza, maana hatukuwa tumehakikisha lolote. Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza, na kweli sisi tulikuwa mbele ya kioo cheusi. Makala hii ni maelezo ya yale tuliyojifunza tulipoanza kutafuta jibu la swali lile.

1. KWA NINI MAANDISHI YALIONEKANA KWANZA?

Kadi ya video ndiyo kifaa kinachogeuza hesabu za kompyuta kuwa picha na kuipeleka kwenye monita. Kadi nyingine huchomekwa kwenye mwanya wake, nyingine hushikizwa moja kwa moja kwenye mazabodi. Makampuni yanayotengeneza vijipande vyake ni mengi. Siku hizi yanayotajwa zaidi ni Intel, AMD na NVIDIA, lakini ukifungua kompyuta za zamani utakutana na S3, SiS, VIA, Trident, Matrox, XGI na 3dfx.

Kadi hizi kila moja ina lugha yake. Lakini zote za kompyuta za kawaida za zama zile zinafahamu lugha moja ya pamoja, nayo ni VGA, iliyoletwa na IBM mwaka 1987. Kompyuta inapowashwa hutumia lugha hiyo ya pamoja, ndiyo maana maandishi huonekana kwenye karibu kila mashine. Baadaye mfumo endeshi hutaka picha nzuri, yenye rangi nyingi na madirisha. Hapo lazima uiache lugha ya pamoja na uzungumze na kadi kwa lugha ya kwao. Mkalimani wake ni programu iitwayo draiva. Akiitwa mkalimani asiye wa lugha hiyo, mazungumzo hukatika na kioo huweza kuwa cheusi.

Basi kioo cheusi baada ya maandishi si dalili ya kifo. Mara nyingi ni dalili kwamba kadi ni nzima ila haikutambuliwa.

2. ZAMANI ILIKUWA NI KUBAHATISHA

Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, kadi nyingi zilichomekwa kwenye mwanya wa aina ya ISA. Kadi za ISA za mwanzo hazikuwa na namna ya kujitaja. Programu iliyotaka kujua ni kadi gani ililazimika kubisha hodi gizani: kuandika namba mahali fulani, kisha kutazama kilichorudi. Katika mfumo wa picha wa XFree86 ilikuwapo programu ya kazi hiyo iliyoitwa SuperProbe, na maelezo yake yenyewe yalimtahadharisha mtumiaji kuwa ubishaji huo unaweza kuifanya mashine igande.

Hatari nyingine ilikuwa kwenye monita. Baadhi ya monita za zamani za kichogo ziliweza kuharibika zikilazimishwa kupokea mawimbi yasiyolingana na uwezo wake. Kwa hiyo kubahatisha kuliweza kugharimu kifaa kizima.

3. KADI INAYOJITAJA

Mwaka 1992 ulitoka utaratibu mpya wa kuunganisha kadi uitwao PCI. Ndani yake kila kifaa kimewekewa daftari dogo la baiti 256. Baiti mbili za kwanza ni namba ya kampuni, na mbili zinazofuata ni namba ya kifaa chenyewe. Mahali pengine katika daftari hilo pameandikwa aina ya kazi yake, na vifaa vyote vya kuonyesha picha vina namba 03. AGP iliyofuata mwaka 1997 na PCI Express ya miaka ya 2000 ziliendelea na utambulisho huo huo.

Hapa mlimani tuna mfano mzuri. Mtu akijitambulisha kwa jina la ukoo, wazee hukisia haraka anatoka upande gani, Kibosho au Marangu. Lakini ukoo peke yake hautoshi. Lazima waulize na jina lake mwenyewe, kwa kuwa ndugu wa ukoo mmoja hawafanani tabia. Namba ya kampuni ni kama ukoo, na namba ya kifaa ni kama jina la mtu.

Namba hizi huandikwa kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, ambayo baada ya 9 hutumia herufi a hadi f. Kwa mfano, SiS ina namba 1039. Mwanafunzi anayependa hesabu na akokotoe: 1 mara 4096, jumlisha 0 mara 256, jumlisha 3 mara 16, jumlisha 9. Jibu ni 4153. Nafasi zote zinazowezekana ni 65,536. Namba ya Intel ni 8086, sawa na jina la kichakataji chake mashuhuri cha mwaka 1978. NVIDIA ni 10de, ATI (ambayo sasa ni AMD) ni 1002, VIA ni 1106, S3 ni 5333, Matrox ni 102b, na XGI ni 18ca.

Kompyuta huuliza mwanya mmoja baada ya mwingine. Mwanya usio na kitu hurudisha ffff, yaani "hapa hakuna mtu." Hakuna kubahatisha tena.

4. SIRI IMO KATIKA ORODHA

Msomaji atauliza: kama kila kadi hujitaja, mbona bado zipo zisizotambuliwa? Jibu ni kwamba kujitaja ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwepo kwa mtu upande wa pili anayelijua jina hilo.

Katika Linux, kila draiva ina orodha ya namba inazozihudumia. Kifaa kikijitaja, mfumo hupitia orodha hizo. Namba ikipatikana, draiva huitwa yenyewe. Mfumo wa picha wa X.Org, uliojitenga na XFree86 mwaka 2004, nao una orodha yake. Huanza na namba ya kampuni: 102b huita draiva ya mga, 1023 huita trident, 1039 huita sis. Pale kampuni moja ilipotengeneza vizazi visivyofanana, hutazama namba ya pili pia. Kwa 3dfx, kadi za mwanzo hupewa draiva ya voodoo na za baadaye hupewa tdfx.

Kadi za nadra huumia katika hatua hii. Kadi inayotumiwa na mamilioni ya watu ina wengi wa kuitengenezea draiva na kuijaribu. Kadi ya wachache, kampuni yake ikifungwa au ikiacha biashara hiyo, hubaki yatima. Mfano maarufu ni SiS 671, namba 1039:6351, iliyokuwa katika kompyuta za bei nafuu kwenye miaka ya 2007 na 2008. Ukoo wake ni SiS, lakini draiva ya kawaida ya sis haikuifahamu. Watumiaji wengi walibaki na picha duni mpaka walipopata draiva nyingine iliyoitwa sisimedia.

Tena orodha hazibaki kama zilivyo. Kiini cha Linux toleo la 6.3, lililotoka Aprili 2023, kiliondoa draiva kadhaa za zamani za michoro ya pande tatu, zikiwemo za sis, savage, via, mga, r128 na tdfx. Na Debian 13 ya Agosti 2025 haikuja na njia ya kusimika mfumo kwenye kompyuta za zamani za biti 32. Debian 12 ya mwaka 2023 ilikuwa ya mwisho kufanya hivyo. Kwa hiyo anayetumia mashine kongwe achague toleo kwa kuangalia, wala asidhani kuwa jipya ndilo bora kwake.

5. NAMNA YA KUONGEZA KADI ISIYOJULIKANA

Zifuatazo ni hatua tulizozifuata, na yeyote anaweza kuzijaribu.

Hatua ya kwanza, ulizia jina. Washa mashine kwa maandishi tu, bila picha, kisha andika amri lspci -nn. Tafuta mstari wenye 0300, ambao ndio wa kadi ya video. Mwishoni utaona namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta pacha, kama 5333:8d04. Iandike daftarini. Jina refu linaloonekana kando yake hutoka katika faili iitwayo pci.ids, orodha iliyoanzishwa na Martin Mareš wa Ucheki, ambayo hukuzwa kwa michango ya watu wa kila nchi. Kama jina halimo, namba bado itaonekana, na namba ndiyo muhimu.

Hatua ya pili, tafuta draiva inayoijua namba hiyo. Soma maelezo ya draiva ya kampuni hiyo, uone kama kizazi cha kadi yako kimetajwa. Usitosheke na ukoo.

Hatua ya tatu, jaribu kwa mkono. Katika faili ya xorg.conf, sehemu ya Device, andika jina la draiva uliyoichagua na uanzishe picha. Ikikataa, soma kumbukumbu ya mfumo. Mistari yenye alama EE ndiyo ya makosa.

Hatua ya nne, fanya ijiendeshe. Mkono ukishafanikiwa mara moja, mashine ifanye yenyewe siku zote. Sisi tuliandika faili fupi yenye namba upande mmoja na draiva upande wa pili, mfano:

5333:8d04 savage
1039:6330 sis
1039:6351 vesa

Kisha tukaandika programu fupi inayotangulia kabla ya picha kuanza. Inasoma namba ya kadi, inaitafuta katika faili yetu, na ikiipata inaandika xorg.conf inayostahiki. Isipoipata inaiacha X.Org itumie orodha yake yenyewe. Kwa njia hii, kuongeza kadi mpya ni kuongeza mstari mmoja, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuufanya bila kugusa programu.

Hatua ya tano, weka njia ya kurudi. Ipo draiva iitwayo vesa ambayo haijui lugha ya kadi yoyote kwa undani, bali hutumia utaratibu wa pamoja ulio ndani ya kadi nyingi. Picha yake ni ya polepole na mara nyingine haijazi kioo, lakini inaonekana. Na vesa nayo ikishindwa, mashine ibaki kwenye maandishi na iseme kwa Kiswahili: "Kadi hii haijulikani. Namba yake ni fulani. Mwambie mwalimu." Afadhali mashine ikiri kuwa haijui kuliko kumwacha mtoto mbele ya giza.

Hatua ya sita, peleka habari kwa wengine. Namba mpya yenye ushahidi ikipelekwa kwa watunzaji wa pci.ids au wa draiva, huingia katika toleo litakalofuata na kumfaa mtu wa mbali usiyemjua. Hiyo ni elimu inayonufaisha, na sote tunajua fadhila zake.

6. MONITA NAYO HUJITAMBULISHA

Tulidhani kadi peke yake ndiyo inayotambuliwa, kumbe hata monita ina utambulisho wake. Ndani ya monita za tangu katikati ya miaka ya 1990 kuna taarifa ya baiti 128 iitwayo EDID. Humo mna kampuni iliyoitengeneza, ukubwa wa kioo na vipimo vya picha inavyovikubali. Baiti ya mwisho ni ya kuhakiki: zote 128 zikijumlishwa, jumla lazima igawanyike kwa 256 bila baki. Isipogawanyika, taarifa imeharibika njiani.

Katika waya wa VGA wenye pini 15, taarifa hiyo hupita kwenye pini ya 12 na ya 15. Pini hizo zikipinda au kukatika, rangi zitapita kama kawaida lakini kompyuta haitajua inazungumza na monita gani. Inaweza kutuma picha isiyopokeleka, na kioo kikawa cheusi. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu kadi au draiva, chomoa waya uzihesabu pini. Ila fahamu kuwa waya nyingi huja bila pini ya 9 tangu kiwandani, na hilo si kosa.

7. VIFAA VISIVYOULIZWA

Si kila kompyuta huuliza. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi, zilizoanza kuuzwa mwaka 2012, hazipati kifaa chao cha picha kwa njia ya PCI. Huko Karatu, mkoa jirani wa Arusha, zipo shule zilizowekewa kompyuta za namna hii zinazotumia umeme wa jua. Mashine hizo huwa na faili maalumu inayoeleza kila kifaa na mahali kilipo, nayo Linux huisoma inapowaka. Ni kama tofauti kati ya mwalimu anayeita majina darasani na kila mtoto akaitika, na mwalimu aliyepewa orodha ya nani kaketi wapi. Orodha ikikosewa, kifaa kizima huonekana kama hakipo.

8. YALIYOZIPATA KOMPYUTA ZETU

Ya kwanza, ile iliyorudi kwenye maandishi, ilikuwa na SiS 671 tuliyoieleza. Draiva ya sis iliitwa kwa sababu ya ukoo, ikashindwa. Tuliielekeza kwa vesa na picha ikaja. Haijazi kioo, lakini wadogo zetu wanajifunza kuchapa na kusoma juu yake.

Ya pili ilikuwa na kadi ya S3 inayojulikana vizuri, na draiva ya savage iliitwa sawasawa. Kosa lilikuwa pini ya 12, imelala kabisa. Tuliinyanyua kwa koleo dogo na picha ikatokea siku ile ile, kabla ya adhana ya Magharibi. Kwa muda wa siku nne tulikuwa tumeilaumu Linux bure.

Ya tatu tuliisafisha viunganishi vya kadi yake kwa kifutio cha penseli, maana vumbi la Moshi wakati wa kiangazi huingia kila mahali. Haikusaidia. Kadi yake tulipoihamishia kwenye mashine ya pili haikuonekana katika lspci, na kadi nzima tulipoiweka kwenye mashine ya tatu iliendelea kulia. Hiyo ilikuwa mbovu kweli, kadi na mazabodi. Tuliibandika karatasi, tukatoa kumbukumbu na diski yake zitumike kwingine, na iliyobaki ndiyo tuliyomwuzia mnunuzi wa chuma chakavu.

9. HITIMISHO

Ndugu msomaji, zamani CD za Ubuntu zilitumwa bure kwa posta duniani kote, kuanzia mwaka 2005 hadi 2011, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Nia ya kazi zile ilikuwa kumfikishia mtu wa kawaida kompyuta. Leo mashine za zamani zitazidi kutufikia, kwa sababu Windows 10 iliacha kupewa masahihisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025 na maofisi mengi yanabadilisha vifaa. Nyingi kati yake ni nzima. Zitaishia jalalani au darasani kwa kutegemea kama kuna mtu aliyekaa akauliza namba.

Sura ya Al-Hujurat inatuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Aya hiyo inahusu watu, na heshima ya mtu ni kubwa kuliko ya mashine. Lakini adabu yake tumeiona ikitufaa hata hapa: tulitaka kuuza kwa kilo vitu vilivyokuwa amana mikononi mwetu, na mbili kati ya tatu zilikuwa hai.

Faili yetu ya namba imebandikwa nakala yake ukutani katika chumba cha kompyuta. Mwanafunzi mwenye kadi isiyomo aje nayo, au aje na namba yake tu. Mistari ya chini tumeiacha wazi kwa ajili yenu.

Wabillahi tawfiq.